Mganga, mchawi na jina la mkoloni

Tunaposema "yaliyopita si ndwele, tugange yajayo", ndwele ni ugonjwa na kuganga ni kutibu. Mganga basi ni mwenye kutibu, awe ametoka chuo kikuu au amerithi mkoba wa babu yake. Ndiyo maana Tanzania ina Mganga Mkuu wa Serikali, na hakuna anayetegemea kukuta tunguri mezani pake.

Mchawi ni hasimu wa mganga: huyu analoga, yule anaagua. Waingereza nao walikuwa na jina lao, tangu huko kwao, la mtu wa kuwatibu waliorogwa: "witch doctor", yaani tabibu wa uchawi. Walipolileta Afrika, uchawi uliomo ndani ya jina ukaumeza utabibu wake, na mganga akawa mtu wa giza.

Jina hilo likaota meno mahakamani. Sheria ya Uchawi ya Tanganyika ya 1928 ilihesabu kuwa ni uchawi si kuloga tu, bali hata kudai una nguvu au elimu ya siri. Kudai tu! Kifaa kinachoaminika kumfichua mkosaji nacho kikawa chombo cha uchawi. Mzee aliyeitwa kupiga ramli ili mwizi wa mbuzi ajulikane akawa kapu moja na mlozi.

Wajerumani walikuwa wametangulia. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga wa Vita vya Maji Maji, aligawa maji ya dawa, watu wakamiminika kwake kutoka mbali. Wakoloni waliwaandika waganga wa namna yake kuwa ni wachawi, na tarehe 4 Agosti 1905 wakamnyonga Kinjikitile huko Mohoro. Umati ule, nadhani, uliwanyima usingizi kuliko dawa yenyewe.

Hata "mganga wa kienyeji" lina harufu ya enzi hizo, mwenyeji alipokuwa mtu wa daraja la chini. Ajabu, kuku wa kienyeji bei yake iko juu, lakini mganga wa kienyeji tunamtaja kwa kubetua midomo. Sheria ya Tanzania ya 2002 ikachagua "tiba asili", na waganga wakaanza kusajiliwa na baraza lao. Ramli chonganishi zinapigwa marufuku, na kwa haki, maana zimeua vikongwe wasio na hatia. Ila Sheria ya Uchawi haijafutwa. Mganga anatundika cheti chake ukutani nayo ikiwa bado vitabuni, Sura ya 18.