Ubongo kuvimba si uvimbe kwenye ubongo

"Wamempima wakakuta ana uvimbe kwenye ubongo." Wiki iliyopita niliisikia tena sentensi hiyo, safari hii kwa sauti ya shangazi yangu kwenye kundi la familia, na kabla jua halijazama watu walikuwa wameshaanza kuchangishana hela za upasuaji. Mgonjwa ni binti aliyeanza na homa na kichwa kuuma. Siku ya tatu akawa anaongea maneno yasiyoshikana, akimwita mama yake kwa jina la dada yake. Daktari alisema ubongo umevimba kwa sababu ya virusi. Taarifa ilipopita midomo mitatu, virusi vikadondoka njiani, ukabaki uvimbe.

Ugonjwa wenyewe unaitwa ensefalitisi: tishu ya ubongo kuvimba, mara nyingi kwa sababu ya virusi, mara nyingine kwa sababu kinga ya mwili imeugeukia ubongo wa mwenyewe. Maana ni hiyo, haina mzunguko. Linalotusumbua ni neno "uvimbe".

Tuanze mbali kidogo. Wagiriki waliuita ubongo enkephalos, yaani kilicho ndani ya kichwa. Ile -itis ya mwisho zamani haikuwa na habari ya kuvimba. Ilikuwa kiambishi cha kivumishi, ikiandamana na nosos, neno lao la ugonjwa, na kazi yake ilikaribiana na ya "wa" yetu katika "ugonjwa wa ubongo". Baadaye nosos ikaachwa, kiambishi kikabaki peke yake, na matabibu wa Ulaya wakakifunga kwenye maana moja: hali ile ambayo Kilatini kiliiita inflammatio, kutoka kitenzi cha kuwasha moto. Celsus, aliyeandika Roma katika karne ya kwanza, alitaja alama zake nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Na neno alilotumia kwa uvimbe ni tumor.

Neno hilohilo ambalo leo hospitali zinalitumia kwa donge! Kwa hiyo mtego huu haukuanza na sisi. Kilatini nacho kilikuwa na neno moja la kidole kilichovimba na la donge, ila kadiri miaka ilivyokwenda madaktari waliyagawa: tumor likaenda kwenye donge, inflammatio likabaki kwenye mwako. Kiswahili bado hakijagawa. Tunasema jino limeleta uvimbe, na tunasema fulani amefanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi. Hili la pili limesikika sana, hasa kwa kina mama, kiasi kwamba sasa ukitamka "uvimbe kwenye" sehemu yoyote ya mwili, msikilizaji anaona donge na kisu.

Donge lina mipaka. Daktari anaweza kuliwekea kidole kwenye picha na kusema linaanzia hapa, linaishia pale. Ensefalitisi haina kitu cha kutolewa namna hiyo. Ni mwitikio wa mwili: mishipa midogo ya damu inalegea na kuvujisha maji, seli za kinga zinaingia, na zile zinazoishi ndani ya ubongo siku zote zinaamka na kumwaga kemikali za kupigana. Mguu ukipatwa na hayo unavimba na viatu vinakataa kuingia. Fuvu halitanuki. Shinikizo linarudi ndani, na ndiyo maana mgonjwa anatapika, anapata degedege, anasinzia hadi haamki.

Na kwa nini anachanganyikiwa? Kwa sababu virusi vingine vina mahali vinapopapenda. Kirusi cha herpesi, kilekile kinacholeta malengelenge mdomoni, wengi wetu tunacho mwilini bila shida yoyote. Kwa wachache sana kinaingia ubongoni, na kikiingia hupendelea sehemu zilizo usawa wa masikio, zinazoshika kumbukumbu na lugha. Binti anayekosea jina la mama yake hajarogwa wala hajapandisha majini. Mwanamuziki Mwingereza Clive Wearing aliugua hivyo mwaka 1985. Alipona homa, lakini kumbukumbu mpya hazikukaa tena kichwani kwake zaidi ya sekunde chache, ingawa piano aliendelea kuipiga.

Ugonjwa huo wa herpesi hautibiwi kwa kisu. Unatibiwa kwa asaiklovia, dawa ya kupambana na virusi, ya kuingizwa kwenye mshipa, kwa kawaida siku 14 hadi 21, na madaktari huianza hata kabla majibu hayajarudi, maana kila saa ina uzito. Zamani, kabla ya dawa, wagonjwa wapatao 70 katika kila 100 walikufa. Hapa ndipo neno linaponiudhi hasa: familia inayoamini kuna donge inatafuta mpasuaji na hela, wakati mgonjwa anahitaji dripu leo.

Kichaa cha mbwa nacho ni ensefalitisi, ingawa jina limebaki na mbwa na kichaa. Kirusi kinapanda taratibu kupitia neva kutoka kwenye jeraha, kwa kawaida wiki kadhaa hadi miezi, na muda huo ndio nafasi ya kuosha kidonda kwa sabuni na maji dakika 15 na kukimbilia chanjo. Dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Kirusi cha West Nile kilitambuliwa mwaka 1937 kwa mwanamke mwenye homa kaskazini magharibi mwa Uganda. Mwaka 1999 kikaonekana New York, na kilichowashtua madaktari huko ni watu waliolazwa ubongo ukiwa umevimba, ingawa wengi wanaoambukizwa hawaoni dalili yoyote.

Kuna mchanganyo wa pili, na homa ya uti wa mgongo. Huo ni kuvimba kwa utando unaoufunika ubongo na uti wa mgongo. Mgongoni ndipo sindano inapochotea maji ya kupima. Utando na ubongo vinaweza kuvimba pamoja, lakini shingo kukakamaa huelekeza zaidi kwenye utando, na akili kubadilika huelekeza kwenye ubongo wenyewe. Na wanaosema akili imejaa ukungu tangu walipougua Uviko-19, wanasahau na kuchoka, shida yao ni ya kweli na watafiti wanaitazama kinga iliyochelewa kutulia. Hata hivyo hiyo siyo ensefalitisi, na wasiambiwe hivyo.

Ningependa donge tuliite kivimbe, kama wengi wanavyosema tayari "vivimbe" vya kwenye mfuko wa mayai, na hali hii tuiache kwenye kitenzi: ubongo umevimba. Kitenzi kinamfanya msikilizaji aulize umevimba kwa nini.

Kwa hiyo, shangazi, kwa heshima zote, ukirekodi tena sauti ya kundi sema hivi: binti yetu hana uvimbe, ubongo wake umevimba kwa sababu ya virusi, na dawa ameshaanza.