Punda Asiyekubali Hatamu

Katika kazi yangu ya udaktari wa mifugo hapa Unguja, methali ninayoisikia mara nyingi kuliko zote ni ile isemayo kuwa shukrani ya punda ni mateke, na aghalabu husemwa na mwenye punda huku akinionesha paja lililovimba, kana kwamba hukumu imekwisha kutolewa na mimi nimeitwa kuitekeleza tu. Nimefika hadi ya kuichukia. Punda hupiga teke pale ambapo alama alizotangulia kuzitoa, za kulaza masikio, kuzungusha mkia na kukwepesha shingo, hazikusomwa na mtu. Nilikuwa nikilijua hilo kwa vitabu. Aliyenifanya nilielewe ni mvulana wa miaka 15.

Babu yake aliniita katika kijiji kimoja cha Kaskazini Unguja kwa ajili ya punda dume wa gari la kubebea mchanga na matofali. Punda alikuwa amekonda, haguswi kichwa, na alikwisha kumvunja mtu kidole kwa meno. Mzee alishuku ndorobo, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, au jini. Ndorobo niliweza kuiondoa mara moja, maana mbung'o wa Unguja walimalizwa kwa kuachiwa madume waliotasishwa kwa mionzi na kumwagwa kwa ndege, na tangu mwaka 1997 kisiwa kimehesabiwa kuwa hakina tena mdudu huyo. Jini sikulipima. “Daktari,” akaniambia, akiashiria kwa kidevu kijana aliyekaa juu ya gari, “huyu punda na yule mjukuu wangu ni wamoja, hawashikiki.” Baba wa kijana alikwenda Omani kutafuta kazi na habari zake zikakatika, skuli ameiacha baada ya kupigana mara kwa mara, na nyumbani akiulizwa hajibu.

Kosa la kwanza lilikuwa dhahiri. Punda alifungwa nira ya ng'ombe. Ng'ombe wetu wana nundu, na nira hukaa mbele yake ikapata pa kusukumia. Punda hana nundu, kwa hiyo mti ule hukaa juu ya mfupa wa mabega na kusaga ngozi, ilhali nguvu zake za kuvutia zimo kifuani. Nilisafisha donda, nikaagiza ashonewe mkanda mpana wa kifuani, nikaondoka nikiamini kazi imekwisha. Niliporudi baada ya wiki tatu donda lilikuwa limefunga vizuri, lakini punda alikuwa bado anauma na kurusha mateke kila akioneshwa hatamu. Nikamwambia mzee, na naona haya kuliandika, kwamba mnyama huyu ni mkorofi kwa tabia yake na bora amuuze.

“Hali,” kijana akasema, bila ya kunitazama. “Anatafuna, halafu anatema.”

Akashuka akanipeleka nyuma ya banda. Juu ya ukuta mfupi wa mawe alikuwa ameyapanga mabonge ya majani yaliyotafunwa nusu, yamesokotwa kama tambuu, ya siku ile yakiwa mabichi na ya juma lililopita yamekauka na kuwa ya kahawia. Hakuna aliyemtuma. Daktari yeyote wa wanyama akiyaona mabonge yale hujua la kufanya, na mimi nilikuwa sijaufungua mdomo wa punda hata mara moja. Meno ya punda huendelea kuchomoza katika sehemu kubwa ya umri wake huku yakilika, na kwa kuwa taya la juu ni pana kuliko la chini, magego ya juu hubaki na ncha kali upande wa shavu na ya chini upande wa ulimi. Shavu la punda huyu lilikuwa limechanika kwa ndani, mahali hasa ambapo lijamu, kile chuma cha hatamu kinachopita mdomoni, lilikuwa likilivuta. Nilimpa dawa ya kutuliza, nikazipiga tupa zile ncha, na hatamu ya chuma tukaiweka kando.

Maumivu yaliondoka, ila woga ulibaki, kwani punda hasahau upesi. Hapo nilimfundisha kijana mambo machache. Asimjie kutoka mbele kabisa wala nyuma kabisa, kwa sababu huko macho ya mnyama huyu hayafiki, bali aje kwa pembeni kuelekea bega. Amkune pale shingo inapokutana na mgongo, mahali wanapokunana wao kwa wao. Kwa farasi imepimwa kwamba kukunwa hapo hupunguza mapigo ya moyo. Akivuta kamba, ailegeze saa ile ile punda anapokubali, kwani mnyama hujifunza wakati anapoachiwa na si wakati anapobanwa, na anayechelewa kuachia huwa amemfundisha jambo jingine kabisa. Nikamwonesha pia mshipa ulio chini ya taya na namna ya kuhesabu mapigo, ambayo kwa punda aliyetulia huwa baina ya 36 na 52 kwa dakika.

Sikutarajia kwamba angehesabu kila siku. Kila baada ya sala ya alfajiri alikwenda bandani na simu ya babu yake, na namba akaziandika kwa mkaa ukutani: 70 siku aliyoleta kamba ya kichwani kwa mara ya kwanza, 64 baada ya wiki, kisha 48. Nilipopita alinisomea zote, na yalikuwa maneno mengi kuliko niliyowahi kuyasikia kwake.

Wapo wanaosema mnyama humponya mtoto. Mimi ni daktari wa ng'ombe na punda, nafsi za watu si fani yangu, na sipendi kumtwisha punda mzigo mwingine tena. Ninaloweza kulieleza ni hili: farasi akiogopa hukimbia, lakini punda, ambaye asili yake ni nchi kame zenye mawe za kaskazini mashariki mwa Afrika, husimama kwanza na kupima hatari. Kusimama huko sisi tumekuita ujeuri, tukasema punda haendi bila ya kigongo. Kijana naye alikuwa akisimama hivyo hivyo anapoulizwa, na kila alivyonyamaza ndivyo walivyozidi kumpigia kelele. Pale bandani kunyamaza kwake hakukumuudhi mtu, na punda alimjua kwa kuja saa ile ile na kwa mkono ule ule.

Meno yale nayapitia kila mwaka, na kichwa anakishika kijana. Safari iliyopita nilifika yeye yuko Mkokotoni. Nikachukua kamba, nikaja kwa pembeni kama nilivyomfundisha mwenyewe, na punda akanigeuzia makalio. Nikaweka tupa chini, nikakaa juu ya ukuta kumsubiri mwenyewe arudi.