Je, kutazama TV gizani huharibu macho?

Wengi huamini kwamba mwalimu anayezima taa Ijumaa usiku atazame tamthilia, baada ya wiki nzima ya kusahihisha madaftari, anaharibu macho yake. Macho huchoka kweli, ila hayaharibiki. Mtu aliyekodolea kioo hupepesa mara chache, machozi yanakauka, ndipo macho yanawasha.

Jipime: mwombe mwenzako ahesabu unapepesa mara ngapi kwa dakika 1 mkiongea, kisha ukitazama TV. Usijihesabie mwenyewe, huenda usipepese kama kawaida. Kinachosaidia ni taa ndogo nyuma ya runinga, mwangaza wa kioo upunguzwe, na kila dakika 20 utazame kitu kilicho mita 6 kwa sekunde 20. Ukiona ukungu hata asubuhi, usiisingizie TV, kapimwe macho.