Tiketi ya bei nafuu inayopitia nchi nyingine: yanayosemwa na yaliyo kweli

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwenda Ulaya au Amerika Kaskazini kwa nauli nafuu hupitia Addis Ababa, Doha, Dubai, Istanbul au mji mwingine wa kubadilishia ndege, na hilo si jambo la kuogopa, kwa kuwa mara nyingi huko kutua njiani ndiko kunakoshusha bei. Kinachotia hasara ni maneno yanayopokezanwa baina ya ndugu na majirani kana kwamba ni sheria, hali mengi kati yake ni nusu kweli au si kweli kabisa.

Dhana iliyoumiza watu kuliko nyingine zote ni hii: "Nimelipa mara moja, basi tiketi yangu ni moja." Si lazima iwe hivyo. Wauzaji wengi wa mtandaoni huunganisha nauli za mashirika mawili yasiyo na mkataba wowote baina yao, wakapokea malipo mara moja na kutuma uthibitisho mmoja unaoonyesha safari nzima, huku kisheria msafiri akiwa amenunua safari mbili zisizojuana. Tofauti haionekani mpaka ndege ya kwanza ichelewe. Kwenye tiketi moja, shirika lina wajibu wa kumfikisha msafiri mwisho wa safari yake, hivyo humtafutia nafasi katika ndege nyingine bila nauli mpya. Kwenye tiketi mbili, shirika la pili humhesabu kuwa hakutokea, na fedha yake imekwenda.

Njia ya kuhakikisha ni kutazama namba ya tiketi yenyewe. Namba ya uthibitisho, ile yenye herufi na tarakimu sita, haitoshi, maana tiketi moja inayohusisha mashirika mawili inaweza kuwa na namba mbili za uthibitisho bila tatizo lolote. Namba ya tiketi ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo hutambulisha shirika lililoitoa: 071 ni Ethiopian Airlines, 157 ni Qatar Airways, 176 ni Emirates, 706 ni Kenya Airways. Muulize muuzaji kabla ya kulipa kama vipande vyote vya safari vitakuwa chini ya namba moja, na akisita kujibu, mwache.

Mwaka juzi nilimsindikiza shangazi yangu kiwanjani, akienda Manchester kumwona mjukuu wake. Mfanyakazi wa kaunta alipofunga lebo kwenye mpini wa begi, niliinama kuisoma. Ilikuwa na herufi kubwa tatu, DXB, yaani Dubai, na hapakuwa na MAN ya Manchester juu wala chini yake. Lebo huandika mahali begi linapoishia, na begi hilo lilikuwa linaishia Dubai. Tulipouliza ndipo ilipobainika kuwa tiketi zilikuwa mbili, na kwamba shangazi angelazimika kupita uhamiaji, kulichukua begi, kisha kulipeleka upya kwenye kaunta ya shirika la pili, ilhali hakuwa na viza ya Falme za Kiarabu. Hakusafiri usiku ule. Aliyemuuzia alijibu kwamba masharti yalikuwa yameandikwa, na kweli yalikuwepo, kwa maandishi madogo na kwa lugha ambayo shangazi haisomi. Mpaka leo naona ni dhuluma kumuuzia mtu mzima safari ya namna hiyo bila kumwambia kwa mdomo.

Jambo hilo huwa zito zaidi pale mji mmoja unapokuwa na viwanja viwili. Istanbul ina kimoja upande wa Ulaya na kingine, Sabiha Gökçen, upande wa Asia, na mashirika ya bei nafuu hutumia sana hicho cha pili. London ina Heathrow, Gatwick, Stansted na Luton. Ukitua kimoja na kuondokea kingine, saa tatu za kuunganisha, ambazo kwenye karatasi zinaonekana nyingi, huishia barabarani.

Wapo pia wanaosema kwa uhakika kwamba anayebaki ndani ya kiwanja hahitaji viza. Kwa Doha, Addis Ababa au Dubai, kwa mwenye tiketi moja na begi linalopitilizwa, kwa kawaida ni kweli. Kwingineko si hivyo. Uingereza inawataka raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wawe na viza ya kupita hata kama hawatoki nje ya kiwanja, isipokuwa wenye misamaha maalumu, kwa mfano baadhi ya wenye viza halali ya Marekani au Kanada. Nchi za Schengen, zile za Ulaya zenye viza ya pamoja, zina orodha ya pamoja ya mataifa ambayo raia wake wanahitaji viza ya kupita kiwanjani. Kenya na Tanzania hazimo, lakini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo, kwa hiyo ndugu wawili wanaosafiri pamoja kupitia Brussels, mmoja akiwa na pasipoti ya Tanzania na mwingine ya Kongo, wanaweza kupata majibu tofauti kwenye kaunta ileile. Marekani haina kabisa utaratibu wa kupita bila kuingia nchini: hata anayeelekea Mexico kupitia New York hukaguliwa na uhamiaji na lazima awe na viza. Ndiyo maana tiketi inayopita huko, hata ikiwa na punguzo kubwa, haimfai asiye na viza hiyo.

Kuhusu mizigo niseme kwa ufupi. Kilo zilizoandikwa kwenye tiketi ni za tiketi hiyo tu. Shirika la kwanza likiruhusu mabegi mawili ya kilo 23, shirika la bei nafuu la pili linaweza kuruhusu mkoba mdogo unaoingia chini ya kiti na kutoza kila kinachozidi, na tozo hiyo ikilipwa kaunta huwa kubwa kuliko ikilipwa mapema. Hata kwenye tiketi moja, anayeingia Marekani kwa kawaida huchukua begi lake katika kiwanja cha kwanza cha kuingilia, hulipitisha forodha, kisha hulikabidhi tena kwa safari ya ndani. Manukato na vinywaji vilivyonunuliwa kwenye duka lisilo na ushuru navyo hukaguliwa upya kwenye mji wa kubadilishia ndege, na chupa inayozidi mililita 100 ikitolewa kwenye mfuko wake uliofungwa rasmi, huweza kunyang'anywa.

Dhana nyingine inanigusa kwa sababu huwafanya watu waache haki zao: "Tiketi ya bei ndogo haina fidia." Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, inayohusu fidia ya safari za ndege zinazochelewa, haiangalii nauli uliyolipa. Huangalia ndege imeondoka wapi na ni ya nani. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Amsterdam kwa KLM amo ndani yake, kwa kuwa shirika ni la Ulaya. Anayerudi kutoka Frankfurt kwenda Dar es Salaam kupitia Addis Ababa kwa Ethiopian Airlines amo pia, kwa kuwa ameondokea Ulaya, na mahakama ya umoja huo ilishaamua kwamba safari za kuunganisha zilizonunuliwa pamoja huhesabiwa kuwa safari moja. Akifika mwisho wa safari akiwa amechelewa saa tatu au zaidi, kwa kosa lisilotokana na mambo yaliyo nje ya uwezo wa shirika, na umbali ukiwa unazidi kilomita 3,500, fidia inaweza kufika euro 600. Lakini anayetoka Dar es Salaam kwenda Paris kupitia Doha kwa Qatar Airways hamo, kwani ameondokea nje ya Ulaya kwa shirika lisilo la Ulaya.

Kwa mizigo, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama, unamlinda hata aliyelipa nauli ya chini kabisa. Begi lililoharibika linalalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7, lililocheleweshwa ndani ya siku 21 tangu kukabidhiwa, na lisiloonekana kwa siku 21 huhesabiwa kuwa limepotea. Usitoke kiwanjani bila karatasi ya taarifa ya upotevu, na kile kipande cha lebo kilichobandikwa nyuma ya pasi ya kupandia ndege kitunze mpaka begi liwe nyumbani.

Wako wanaodhani wanaweza kuacha kipande cha kwanza cha safari, wakapanda ndege mjini kwingine, na tiketi ikaendelea kuwa hai. Kwa mashirika mengi, ukikosa kipande kimoja bila taarifa, vyote vinavyofuata hufutwa, pamoja na vya kurudi. Na wanaotafuta viti vitatu kwa mkupuo wajue kuwa nauli hupangwa kwa madaraja yenye viti vya kuhesabika: vikibaki viwili tu kwenye daraja la chini, mtandao mara nyingi huwauzia wote watatu kwa bei ya daraja la juu. Tafuta kiti kimoja kwanza, ulinganishe.

Mwisho ni kadi ya njano, ambayo wengi huikumbuka wakati wa kutoka na kuisahau wakati wa kurudi. Tanzania hutaka cheti cha chanjo ya homa ya manjano si kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo tu, bali pia kwa waliosubiri zaidi ya saa 12 kwenye kiwanja cha nchi hizo, na Ethiopia ni mojawapo. Hivyo anayerudi kutoka Stockholm na kulala Addis Ababa akisubiri ndege ya kesho anaweza kuulizwa kadi akishuka. Kadi iliyoandikwa kuwa inadumu miaka kumi haijaisha: tangu Julai 2016, chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa, cheti hicho ni cha maisha yote, hata kile kilichotolewa kabla ya tarehe hiyo. Ichukue ileile ya zamani, iweke ndani ya pasipoti.