Usimpimie Mtoto Njia kwa Kilomita

Wiki iliyopita nimeipokea tena simu ile ile. Safari hii ni baba mmoja aliyepata uhamisho wa kazi kutoka Eldoret kuja Mombasa, ana watoto wawili, mmoja Gredi ya 3 na mwengine Gredi ya 5. Shule keshaichagua, iko Tudor. Nyumba keshaiona kwa picha, iko Kiembeni: vyumba vitatu, ua mpana, mwembe nyuma ya jiko. "Dada, ni kilomita kumi tu, nimepima kwa simu. Dakika ishirini tumefika." Nikamuuliza alipima saa ngapi. Saa nne za usiku.

Huu ni mwaka wangu wa 16 katika udalali wa nyumba, na hiyo "kilomita kumi tu" imenichosha. Nimeisikia kwa walimu, kwa wafanyakazi wa benki, kwa wanajeshi wa majini waliopelekwa Mtongwe, hata kwa kina mama waliozaliwa hapa hapa Majengo. Kila mmoja huja na umbali wake, na mimi nataka kujua mtoto ataamshwa saa ngapi.

Mji wetu ni kisiwa, na kwa kuwa madaraja yapo watu huusahau ukisiwa wake. Kuingia na kutoka ni kwa matundu matatu: Daraja la Nyali upande wa kaskazini, hili la sasa linalotumika tangu 1980; Makupa na Kibarani kwa wanaokwenda Changamwe; na feri ya Likoni upande wa kusini. Wafanyao kazi kisiwani wakalala ng'ambo, na wafanyao kazi ng'ambo wakalala kisiwani, wote hupitia humo, kwa saa zile zile. Mtoto wako akiwa na kengele ya saa moja na nusu asubuhi, atasukumana na watu wazima hao wote. Kwa hiyo swali langu la kwanza ni moja: mtoto atavuka? Kodi, vyumba, maegesho, hayo tutayafikia.

Chukua njia ya Kiembeni, ng'ambo ya kaskazini, hadi Tudor, ndani ya kisiwa. Ukitoka Kiembeni kuingia barabara kuu tayari una foleni yako. Kisha Bombolulu, matatu zinapakia. Kisha Kongowea, ambako malori ya mboga kutoka bara yanashusha, mikokoteni inakata barabara, na kila makanga anataka abiria mmoja zaidi. Kisha Kengeleni. Pale Frere Town, kijiji cha watumwa walioachiwa huru cha mwaka 1875, kengele yao ingali imesimama kando ya njia panda, na mtoto anayevushwa kila siku huijua kengele ile ufa kwa ufa, maana gari limesimama mbele yake asubuhi baada ya asubuhi. Daraja lenyewe ukishalifikia, huwa si taabu kubwa. Taabu ni kulifikia, na tena ni kushuka Buxton upande wa pili.

Wazazi hunijibu: gari la shule lipo. Hapa ndipo ninapopandwa na hasira, kwa sababu hakuna anayeuliza lile gari linakwendaje.

Gari la shule halichukui mtoto likampeleka shule. Huzunguka. Dereva huanzia mbali kabisa, akarudi akikusanya. Mtoto wa kwanza kupanda hukaa ndani ya gari tangu giza. Wa mwisho kupanda hukaa dakika kumi. Watoto hao wawili wanasoma darasa moja, wazazi wao wanalipa nauli moja au inayokaribiana, na mmoja anafika akiwa ameshachoka. Jioni dereva huwashusha wa karibu kwanza, basi yule wa kwanza kupanda ndiye wa mwisho kushuka. Hasara inampata mara mbili.

Na kuna jambo linalowashangaza wengi: kukaa karibu na shule peke yake hakutoshi. Nilipata kumtafutia nyumba mama mmoja Bamburi, na kwa mguu wa mtu mzima shule ilikuwa dakika 15. Barabara ya Malindi ilikuwa katikati, hakuna mtoto wa miaka saba wa kuivuka peke yake, kwa hiyo akamwandikisha garini. Dereva, kwa mpangilio wake wa mafuta, alikuwa akimchukua huyo mtoto mwanzo, anakwenda naye mpaka Shanzu, anaingia Utange, halafu ndipo anarudi. Saa nzima. Mtoto alikuwa akiiona paa ya shule yake anapopanda gari. Kosa lilikuwa langu pia, maana nyumba ile mimi ndiye niliyemwonyesha, na sikuuliza.

Tangu siku ile siulizi ofisini. Ofisini watakwambia gari linafika kwa wakati, na ni kweli, linafika. Namtafuta dereva mwenyewe au yule dada anayepanda na watoto, namuuliza: mwanangu atakuwa wa ngapi kupanda? Ukijibiwa wa kwanza au wa pili, itazame upya hiyo nyumba. Ukijibiwa "tutaona kadiri watoto watakavyoandikishwa", jua kwamba mwezi wa Januari si wa Mei, njia hubadilika.

Jambo la pili ambalo watu wa bara hawalihesabu, na baadhi ya watu wa hapa wanajitia kulisahau, ni chuo, yaani madrasa. Mtoto wa Kiislamu wa Mombasa ana masomo mawili, ya shule na ya chuoni, na chuo cha mchana kinaanza baada ya alasiri kikaisha karibu na magharibi. Mtoto anayeshushwa saa kumi na moja na robo amekosa chuo. Nimeona wazazi wakahamisha chuo kikawa Jumamosi na Jumapili, na mtoto akawa hana siku hata moja ya kucheza. Kwa hiyo ninapotafutia familia kama hiyo, natafuta pembe tatu: nyumba, shule na chuo, zote upande mmoja wa maji. Kwa Wakristo wenye kwaya na mafundisho ya Jumapili shida ni nyepesi kidogo, siku yao barabara ni tupu.

Sasa majina. Watu hutaka "Nyali" kwa sababu Nyali ni Nyali. Eneo bunge la Nyali lina Mkomani lakini pia lina Kongowea, Ziwa la Ng'ombe, Kadzandani na Frere Town, na tangazo likisema "nyumba iko Nyali" laweza kuwa popote humo. Vivyo hivyo wanakataa kusikia neno Kisauni kwa habari za vijana wenye mapanga, kisha wanaomba Bamburi au Shanzu, ambazo ni wadi za Kisauni. Habari zile si uongo, na simwambii mzazi azipuuze. Namwambia ashuke mtaani, aulize muuza mbaazi wa kona mtoto hurudi dukani saa ngapi za jioni na nani humtuma. Mtaa ambao watoto wa miaka minane wanatumwa kununua maziwa saa kumi na mbili jioni, wenyewe wameshakujibu. Kuna kichochoro Mtopanga ninachokiamini kuliko baadhi ya njia za Nyali zenye kuta ndefu, ambako mtoto akianguka na baiskeli hakuna wa kumwona.

Halafu Desemba. Familia nyingi huja kutafuta nyumba Desemba ili watoto waanze Januari, na Desemba ndiyo inayodanganya zaidi: shule zimefungwa, kaskazi inavuma, njia za udongo ni kavu. Muhula wa pili huangukia kwenye masika. Kuna njia za ndani za Kiembeni na Utange ambazo Mei gari dogo haliingii, na gari la shule husimama barabara kuu, mtoto atembee kwenye matope. Ukija Desemba, tazama kuta za nyumba za jirani, alama ya maji iko kiasi gani kutoka chini.

Maji ya kunywa na kuoga nitayapitia upesi. Uliza kama ni ya bomba au ya kisima, na kama ni ya kisima yaonje, mengi ya pwani ni ya chumvi. Maji ya bomba huja kwa zamu, kwa hiyo uliza tangi ni la lita ngapi na linatumiwa na nyumba ngapi. Wenye watoto wawili wa shule wana sare za kufua kila siku kwa joto hili. Nyumba isiyo na tangi la kutosha itakufanya ununue mitungi saa kumi na moja alfajiri.

Kwa nini nashikilia hivi? Kwa sababu uamuzi umekuwa mrefu. Zamani mtoto akimaliza darasa la nane alikwenda zake sekondari, mara nyingi bweni. Tangu 2023 Gredi ya 7, na baadaye ya 8 na ya 9, zinasomwa ndani ya shule ya msingi. Mtoto wa huyu baba, akianza Gredi ya 3 akabaki hapo hapo hadi Gredi ya 9, ni miaka 7 kwenye njia ile ile. Na kumhamisha akiwa Gredi ya 6 au ya 9, mitihani ya baraza la taifa, KNEC, ikimsubiri, ni jambo ambalo sijamwona mzazi aliyelifurahia.

Kuna mahali kanuni yangu huyumba, na lazima niseme. Familia moja niliitoa Majengo nikaipeleka Mikindani, kwa kuwa baba alikuwa bandarini na shule waliyoitaka ilikuwa upande huo wa Changamwe. Pembe tatu zilitimia, hakuna kuvuka. Baada ya mwaka mmoja wamerudi Majengo, na watoto wanavushwa kila siku kupita Makupa. Sababu ni bibi yao. Majengo bibi alikuwa akiwapokea, anawalisha, anawasikiliza hadithi za shule hadi mama arudi. Mikindani walikuwa wakifungua mlango kwa ufunguo wao. Niliwatembelea Idi, watoto wamenawiri, na mimi sina hesabu ya kuweka bibi upande mmoja na saa nzima ya barabarani upande wa pili. Siku hizi nauliza: jioni mtoto atapokelewa na nani? Jibu likiwa bibi, nakunja ramani.

Kuhusu Likoni, nilikuwa nikikataa katakata mtoto kuvushwa kwa feri. Walioishi hapa 1994 wanajua kwa nini, ile ya Mtongwe ilizama na watu zaidi ya 270 wakafa. Sasa barabara ya Dongo Kundu imefunguka na gari laweza kutoka kusini hadi Miritini bila feri. Nimeanza kuwapelekea nyumba za Likoni wazazi wenye shule za Miritini na Jomvu. Ni mapema. Mzunguko ni mrefu, ila haukwami, na dakika 40 za gari linalotembea sidhani kama zinamchosha mtoto sawa na dakika 40 za gari lililosimama.

Yule baba wa Eldoret alikuja Jumapili. Sikumwonyesha nyumba. Jumatatu alfajiri nilimpitia alikolala, tukatoka Kiembeni saa kumi na moja na dakika arubaini, tukafika lango la shule Tudor saa moja na dakika tano. Njiani hakusema mengi. Tulipofika aliwatazama watoto wanaoshuka garini, wengine wamelala begani kwa dada wa gari, akaniuliza kama Tudor kwenyewe kuna chochote cha kodi ile. Kipo, vyumba viwili, ghorofa ya pili, hakina ua wala mwembe. Binti na kaka yake watalala chumba kimoja. Mwenye nyumba bado hajanijibu kuhusu tangi la pili.