Imezimwa, Haijatoka

Wiki iliyopita mama mmoja wa Chamwino aliniletea simu kibandani kwangu, karibu na soko la Majengo. "Fundi, kila siku inaniambia imejaa. Mimi humu nina picha za harusi ya mwanangu tu."

"Shikamoo mama. Lete tuitazame."

Simu ya GB 16. Mfumo endeshi na programu zilizokuja nao vilikuwa vimekula zaidi ya nusu kabla hata hajapiga picha ya kwanza. Michezo miwili, duka la nyimbo, kivinjari (programu ya kufungulia kurasa za mtandao) cha pili ambacho hakuwahi kukifungua. Nikaingia programu moja baada ya nyingine, na kila nilipotafuta "Ondoa" nikakuta "Zima".

Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa. Kwenye Android, hifadhi imegawanywa. Sehemu ya mfumo imefungwa: inasomwa tu, haiandikwi. Programu iliyowekwa humo kiwandani ukiizima inaacha kufanya kazi, na masasisho yake yanaweza kufutwa kwa sababu yalikaa upande wako wa hifadhi. Nakala ya kiwandani inabaki palepale, na nafasi iliyoshika haihamii upande wa picha. Lakini wapo watengenezaji wanaoweka baadhi ya programu zao upande wa mtumiaji, na hizo hung'oka kabisa. Kwa hiyo mchezo usiotoka kwenye simu yako, kuna mtu aliamua usitoke.

Pamoja na hayo, siungi mkono wanaotaka mfumo uje mtupu. Nikimwekea Windows mwanafunzi wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, halafu nimkabidhi kompyuta isiyo na kivinjari, atapakuaje kivinjari? Ataazima flashi ya mwenzake. Sisi mafundi tunajua flashi zilituletea nini: kirusi cha Conficker, kilichoanza mwishoni mwa 2008, kilisambaa kwa mtandao na kwa flashi pia. Tangu Windows 8 ya 2012 kinga ya virusi inakuja ndani ya mfumo. Hilo nalishukuru kwa dhati, maana kabla yake nilikuwa napokea kompyuta zenye kinga iliyonakiliwa kwa wizi au iliyokwisha muda, na mwenyewe anaamini yuko salama. Na mtu anayenunua bando la siku kwa siku hawezi kuanza kwa kupakua vitu ambavyo vingeweza kuja navyo.

Mwaka 1998 serikali ya Marekani iliishtaki Microsoft, na kivinjari chake, Internet Explorer, kilichofungwa pamoja na Windows kikawa kiini cha kesi. Kampuni ilijitetea kwamba ukiking'oa, mfumo unaharibika. Hapa nawaomba tuwe makini, kwa sababu kivinjari ni vitu viwili. Kuna mtambo unaochora kurasa, ambao hata kurasa za msaada na programu za watu wengine huutegemea. Halafu kuna dirisha lenyewe unalolifungua wewe. Mtambo ubaki, sina ugomvi. Dirisha lazima liweze kutoka.

Umoja wa Ulaya walianza vibaya kidogo. Mwaka 2004 waliipiga Microsoft faini ya yuro milioni 497 na kuiamuru itoe Windows isiyo na Media Player, programu yake ya kuchezea muziki na video. Ikatoka, kwa bei ileile, na karibu hakuna aliyeinunua. Nani alipe sawa apate pungufu? Mwaka 2018 wakaifikia Google, faini ya yuro bilioni 4.34, pamoja na mambo mengine kwa kuwalazimisha watengenezaji wa simu kuweka Chrome na programu yake ya kutafuta. Nadhani walipata jibu sahihi baadaye: tangu Machi 2024 sheria yao inayataka makampuni makubwa yamruhusu mtumiaji aondoe kwa urahisi programu zilizokuja na mfumo, isipokuwa zile ambazo mfumo hauwezi kwenda bila hizo.

Haki hiyo naitaka na huku. Kwa sasa, ukienda kununua simu usiridhike na namba ya kwenye boksi. Iwashe, fungua Mipangilio, kisha Hifadhi, uone nafasi iliyobaki kabla hujalipa.

Mama nilimhamishia picha kwenye memori kadi, nikazima nilizoweza. Akanionyesha ule mchezo. "Kwa hiyo huu sasa umetoka, mwanangu?"

"Hapana mama. Umelala tu."