Ultrasaundi kwenye ncha ya keekee: mwangwi unaomwonya daktari kabla mfupa haujatoboka

Kutoboa mfupa wa mtu aliye hai ni kazi ambayo kwa sehemu kubwa bado inategemea mkono. Daktari bingwa wa mifupa huusoma mfupa kwa vidole vyake: tabaka la nje ni gumu na huizuia ncha, mfupa wa sponji ulio ndani hulegea, kisha tabaka gumu la upande wa pili huzuia tena kabla ya kuachia ghafla, kama ubao unavyomwachia seremala na biti ikachomoza upande wa pili. Mimi ni mhandisi wa vifaa tiba, na kazi yangu kwa miaka kadhaa imekuwa kutafuta namna ya kumjulisha daktari umbali uliobaki kabla ncha haijafika kwenye mshipa wa damu au neva iliyo nyuma ya mfupa huo. Njia ninayoiamini zaidi ni ultrasaundi, yaani sauti ya juu mno isiyosikika kwa sikio la mtu, ingawa ina mipaka ambayo lazima ielezwe wazi.

Nitatumia uti wa mgongo kuwa mfano, kwa sababu huko nafasi ni finyu mno. Pingili zikivunjika au kupinda, daktari huzikaza kwa skrubu zinazopitia kwenye pedikeli, yaani shina fupi la mfupa linalounganisha sehemu ya nyuma ya pingili na sehemu yake ya mbele. Katikati ya kifua pedikeli inaweza kuwa na upana wa milimita 4 au 5 tu. Upande wake wa ndani umo ugwe wa mgongo, chini yake hupita mzizi wa neva, na mbele ya pingili imelala aota, mshipa mkuu wa damu. Eksirei inayotumika wakati wa upasuaji husaidia sana, lakini picha yake ni bapa na mionzi yake humfikia mgonjwa na wahudumu pia. Mifumo ya uelekezaji inayotegemea CT, yaani picha za eksirei za vipande kwa vipande, ni sahihi zaidi, ila bei yake ni kubwa, na huhitaji alama za rejea zisisogee hata kidogo tangu picha ilipopigwa. Kipo pia kifaa kiitwacho PediGuard, ambacho hupima namna umeme unavyopita kwenye tishu iliyogusana na ncha, na sauti yake hubadilika pale ncha inapokutana na tishu ya aina nyingine. Ni wazo zuri, lakini husoma zaidi mahali ncha ilipo, ilhali mwangwi unaweza kusoma kilicho mbele yake.

Kanuni yenyewe si ngumu. Kristali ndogo iliyo kwenye ncha hutoa mpigo mfupi wa sauti ya masafa ya juu, yaani inayotetemeka mara nyingi mno kwa sekunde; mpigo huo husafiri ndani ya mfupa wa sponji, hugonga ukuta mgumu na kurudi. Tukijua muda uliotumika na kasi ya sauti, tunazidisha viwili hivyo na kugawanya kwa mbili, na jibu ndilo umbali wa kufika ukutani. Kwa kasi ya mita 1,500 kwa sekunde, ukuta ulio milimita 10 mbele hurudisha mwangwi baada ya sehemu 13 hivi za milioni za sekunde.

Ugumu uko kwenye mfupa wenyewe. Mwaka 1942 daktari Karl Dussik wa Austria alichapisha kazi yake ya kuchunguza ubongo kwa kupitisha ultrasaundi kwenye fuvu, na katika picha alizozipata alidhani ameona vyumba vya ndani ya ubongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilibainika kwamba sehemu kubwa ya picha zile ilitokana na fuvu lenyewe kumeza na kupindisha sauti. Somo hilo bado lina uzito. Kwa masafa ya megahezi 1, tishu laini hupoteza takribani nusu ya desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) kwa kila sentimita, wakati mfupa wa sponji unaweza kupoteza mara kumi ya hapo au zaidi. Masafa yakipandishwa, picha huwa kali lakini sauti hufa njiani. Yakishushwa, sauti hufika lakini mpigo hurefuka na mpaka huwa na ukungu. Ndiyo maana tunafanya kazi kwenye masafa ya chini kuliko yale ya mashine za kliniki za wajawazito.

Kwenye meza ya maabara, nikitumia mfupa wa ng'ombe uliozama kwenye maji ya chumvi, kioo cha kifaa huonyesha mstari mmoja tu. Kushoto kuna mlima mkubwa wa mpigo unapotoka. Baada yake kuna vinyasi vingi vidogo, ambavyo ni sauti iliyotawanywa na vijiti vya mfupa wa sponji. Halafu kulia hujitokeza kilima kimoja, nacho ndicho ukuta. Ncha ikisogea mbele, kilima hicho husogea kushoto na kukua. Sikushauri kumwonyesha daktari mstari huu, wala kuugeuza kuwa picha ya kupendeza. Aliyeshika keekee anahitaji tarakimu moja na onyo moja.

Wengi huniuliza kasi ya sauti inajulikanaje, ikiwa mfupa wa kila mtu ni tofauti. Swali ni la haki, na jibu lake limo ndani ya hesabu yenyewe. Tuseme kifaa kinachukulia mita 1,500 kwa sekunde na kasi halisi ni 1,600. Ukuta unaosomwa kuwa umbali wa milimita 10 upo kwenye 10.7 kwa kweli; ukisomwa kuwa milimita 3, upo kwenye 3.2. Kosa linapungua kadiri hatari inavyokaribia, jambo ambalo mhandisi hapewi mara kwa mara. Kinachotuzuia ni kitu kingine: kristali huendelea kutetemeka kwa muda mfupi baada ya kutoa mpigo, na mwangwi wa karibu sana huzama ndani ya mtetemo huo. Kwa hiyo onyo linapaswa kutolewa ukuta ukiwa bado nje ya eneo hilo la ukiziwi, na keekee isimame.

Nafuu nyingine iko kwa wazee. Mfupa ulioathiriwa na osteoporosisi, ugonjwa wa mifupa kudhoofika, una vijiti vichache, hivyo unameza sauti kidogo; tangu miaka ya 1980 kipimo cha ultrasaundi kwenye kisigino kimejengwa juu ya ukweli huo. Kwa mgonjwa wa namna hii mkono wa daktari hupata taarifa kidogo kwa sababu ukuta ni mwembamba na laini, lakini sauti hupita kwa urahisi zaidi.

Hata hivyo kutazama mbele pekee hakutoshi kwenye pedikeli. Hatari kubwa iko ubavuni, na ukuta unaopita sambamba na keekee hautarudisha mwangwi kwa kristali inayotazama mbele. Inabidi iwepo kristali ya kutazama pembeni, inayozungushwa ndani ya tundu baada ya kila hatua ya kutoboa. Naunga mkono utaratibu huu wa kutoboa, kusimama na kupima, kuliko jaribio la kupima huku biti ikizunguka, kwani unga wa mfupa na mapovu ya hewa huikata sauti kabisa. Maji ya chumvi yanayomiminwa kwenye tundu huondoa mapovu hayo na wakati huo huo hupoza mfupa, ambao, kama watafiti Eriksson na Albrektsson walivyoonyesha mwaka 1983, huanza kuharibika ukifikishwa nyuzi joto 47 kwa dakika moja.

Hapa kwetu natazama zaidi hospitali zisizo na eksirei ya chumba cha upasuaji. Msumari wa SIGN, unaoingizwa ndani ya mfupa uliovunjika ili kuushikilia na uliobuniwa na shirika la daktari Lewis Zirkle wa Marekani, umeonyesha kwamba mifupa mirefu inaweza kufungwa vizuri kwa fremu ya kulengea bila eksirei hiyo. Uti wa mgongo hauna fremu ya namna hiyo, na elektroniki ya mstari mmoja wa mwangwi ni rahisi kuliko mfumo wowote wa CT.

Sharti ninaloliona kuwa la kwanza, kabla ya bei na kabla ya umbo, ni kwamba kifaa kisiposikia mwangwi kiseme waziwazi kuwa hakijausikia. Kuendelea kuonyesha tarakimu ya mwisho baada ya povu kuziba njia ni hatari kuliko kutokuwa na kifaa kabisa, kwa kuwa daktari aliyezoea kukiamini ataendelea kutoboa. Katika muundo ninaoufanyia kazi sasa, mwangwi ukipotea tarakimu hufutika papo hapo na keekee hukatiwa umeme hadi tundu lisafishwe na kipimo kirudiwe.